Dondoo Likatwe Wapi?

Katika ushauri wote unaotolewa siku hizi kwa wanafunzi, watafiti na watumishi wa ofisi wanaotaka kutunza kumbukumbu za yale wanayoyasoma na kuyafikiri, upo mmoja unaosemwa kwa uhakika kuliko mwingine: kila dondoo libebe wazo moja tu. Ushauri huo una mvuto wake. Dondoo fupi huandikwa haraka, husomwa haraka, na huweza kuhamishwa kutoka andiko moja hadi jingine bila kuburuta mzigo usiohitajika. Kwa mtu ambaye kwa miaka mingi amejaza daftari baada ya daftari kwa kufuata tarehe, mpaka hajui tena kilichomo ndani yake, habari ya kukata kila kitu vipande vidogo huja kama ukombozi. Hata hivyo, naona ushauri huo umeshika upande usio muhimu wa jambo. Unashughulika na ukubwa wa dondoo, ilhali kinachoamua kama dondoo litamfaa mwenyewe baada ya miaka mitano ni mahali lilipokatwa. Dai likishatenganishwa na sababu yake, au na sharti linalolifanya liwe kweli, limeharibika, hata liwe fupi na safi kiasi gani.

Wanaotoa ushauri huo mara nyingi humtaja Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1998 na kuacha kadi zipatazo 90,000 pamoja na vitabu na makala nyingi zilizotokana nazo. Mfano huo ni mzuri, ila hauthibitishi kinachodaiwa. Luhmann aliandika kwenye vipande vidogo vya karatasi, na kila kipande alikipa namba ya kudumu. Kadi namba 57/12 ingeweza kufuatiwa na 57/13 iliyoendeleza hoja ileile, na kama baadaye angepata la kuongeza kuhusu jambo lililotajwa katika 57/12, angeliandika kwenye kadi 57/12a na kuiweka katikati ya hizo mbili. Udogo wa kadi zake, kwa hiyo, ulikuwa udogo wa karatasi. Hoja yenyewe iliruhusiwa kutembea kadi hadi kadi, na namba ndiyo iliyohakikisha kwamba kadi ya pili haipotezani na ya kwanza. Anayeiga udogo wa kadi akaacha mfuatano wa namba ameiga ganda.

Kabla ya kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Bielefeld, Luhmann alisomea sheria na kufanya kazi katika utawala wa serikali. Sijui kama masijala za Kijerumani zilimfundisha chochote, lakini msomaji wa Dodoma, mji ambao tangu mwaka 2016 umepokea wizara moja baada ya nyingine pamoja na malori ya majalada yake, ana mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili. Masijala ya serikali hutumia vipimo viwili kwa pamoja. Kipo kipimo cha kushika, nacho ni folio: kila barua inayoingia katika jalada hupewa namba yake, ili anayeandika dokezo aweze kumwelekeza mkuu wake kwenye folio 14 bila kunakili barua nzima. Kipo pia kipimo cha kuelewa, nacho ni jalada lenyewe: ombi, majibu, maoni ya mwanasheria na uamuzi, vyote vikiwa vimefungwa pamoja kwa mfuatano. Desturi ya kutaka barua moja izungumzie jambo moja inatokana na hapo, kwa sababu barua yenye mambo mawili humlazimisha karani kuchagua jalada moja na kutoa nakala kwa ajili ya jingine. Lakini hakuna karani atakayechomoa folio ya uamuzi na kuitunza peke yake kwa maelezo kwamba uamuzi ni wazo moja na ombi ni wazo jingine. Akifanya hivyo, atakayekalia kiti baada yake atajua kwamba ombi lilikataliwa na hatajua kwa nini. Hata dokezo sabili, ambalo huanza safari yake bila jalada, hutarajiwa mwishowe kuingia katika jalada linalohusika.

Tuchukue mfano wa karibu ili jambo lenyewe lionekane. Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma, ilikuwa kituo cha kwanza cha mradi mkubwa wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947, wakati nchi hiyo ilipokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mradi uliachwa mwaka 1951, ukiwa umepoteza pauni milioni zipatazo 36. Mtu anayesoma habari za mradi huo kwa kufuata kanuni ya wazo moja ataandika, pengine, kwamba udongo wa Kongwa una mfinyanzi unaokauka na kuwa mgumu sana. Kwamba mvua za Dodoma hunyesha msimu mmoja, hasa kati ya Desemba na Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Kwamba karanga huzaa chini ya ardhi. Kwamba matrekta na zana nyingi ziliharibika. Na kwamba waliopanga mradi walikuwa na haraka. Hayo ni madondoo matano, yote mafupi na yote ya kweli.

Ayafungue sasa baada ya miaka mitatu, akitaka kueleza kwa nini mradi ulianguka. Atakuta mambo matano yaliyokaa bega kwa bega bila kusalimiana. Maelezo anayoyatafuta yamo katika kukutana kwa yale matatu ya kwanza: kwa kuwa karanga huzaa chini ya ardhi, ni lazima zifukuliwe, mvua zinapokoma, udongo wa mfinyanzi huanza kukaza kabla kazi ya kufukua haijakamilika katika shamba kubwa, na kwa hiyo zao lililokomaa vizuri huweza kubaki limefungwa ardhini, au zana zikachakaa na kuvunjika kwa kulitafuta. Uhusiano huo nao ni wazo, tena ndilo wazo lenye uzito kuliko yote aliyoyaandika, na ndilo lisilo na kadi. Mtetezi wa kanuni atajibu kwamba basi iandikwe kadi ya sita kwa ajili ya uhusiano huo. Sawa, na iandikwe. Lakini kadi hiyo, ikiandikwa ipasavyo, itataja udongo, itataja mvua na itataja tabia ya mmea, kwa maana kwamba itazibeba zile tatu tumboni mwake, na hapo tuna haki ya kuuliza kadi tatu za mwanzo ziliandikwa za nini kabla hajatokea mtu wa kuzihitaji.

Upande wa masharti ni wa hatari zaidi, kwa sababu dai lisilo na sababu hujulikana kwa upungufu wake, lakini dai lisilo na sharti huonekana kamili. Mtu akiandika kwenye kadi kwamba Kongwa haifai kwa karanga, sentensi hiyo inasimama yenyewe, ina kiima na kiarifu, na kwa kipimo cha wazo moja imefaulu. Kumbe si kweli. Wakulima wadogo wa mkoa wa Dodoma wanalima karanga hadi leo, kwa jembe la mkono au plau, katika vishamba ambavyo familia inaweza kuvivuna ardhi ingali na unyevu. Kilichoshindwa ni kilimo cha mashine, katika eneo kubwa mno, kwa ratiba iliyopangwa mbali. Sharti la ukubwa na mashine likiachwa nje ya kadi, kilichobaki ni uongo ulioandikwa vizuri. Zabibu ya Makutupora ikinyofolewa vibaya kutoka kichalani huanza kuoza pale pale ilipoachana na kikonyo chake, na dondoo nalo huanza kuharibika upande ule lilipong'olewa kwenye sharti.

Waswahili tuna hazina kubwa ya madondoo ya wazo moja, na imekuwapo kabla ya kadi na programu za simu: methali. Kila methali inajitegemea, ni fupi, hukumbukwa kirahisi, na huhamishwa kutoka mazungumzo haya hadi yale bila tabu. Lakini haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Hakuna anayeona kwamba lugha imejichanganya, kwa sababu mzee anayetoa methali kwenye kikao anakuja nayo pamoja na kesi iliyo mbele yake: anajua nani amechelewa, nani amekurupuka, shauri ni la ndoa au la mpaka wa shamba. Sharti limo kichwani mwa msemaji na machoni mwa wasikilizaji. Mtu anayejiandikia kumbukumbu hana kikao hicho. Msikilizaji wake ni yeye mwenyewe wa miaka ijayo, aliyesahau kesi yote na kubakiwa na sentensi. Ndiyo maana udogo unaoifaa methali hauwezi kulifaa dondoo la utafiti.

Haimaanishi kwamba kukata vipande vidogo ni kosa siku zote. Kamusi kubwa ya Kiingereza iliyohaririwa na James Murray kuanzia mwaka 1879 ilijengwa juu ya mamilioni ya vipande vya karatasi vilivyoletwa na wasomaji wa kujitolea. Kila kipande kilikuwa na neno moja, tarehe, jina la mwandishi, jina la kitabu na sentensi iliyonukuliwa. Huo ni ukataji mwembamba kweli kweli, na ulifanya kazi. Ulifanya kazi kwa sababu swali lilijulikana kabla msomaji wa kwanza hajafungua kitabu: neno hili limetumika kwa maana ipi, na tangu lini? Wahariri waliamua mapema kila kipande kitajibu nini, na wakahakikisha kwamba kila kinachohitajika kulijibu swali hilo kimo ndani yake, tarehe na chanzo vikiwamo. Kipande kilikuwa kidogo na wakati huohuo hakikupungukiwa na kitu. Mtu anayekusanya misemo ya Kigogo, au bei za uwele katika mnada wa kila wiki, au majina ya wenyeviti wa kijiji tangu uhuru, yuko katika hali hiyohiyo na anaweza kukata vyembamba apendavyo. Wengi wetu, tunapoandika madondoo kutoka vitabuni au mikutanoni, swali hatujalijua bado. Tunaandika kwa kuhisi tu kwamba jambo fulani litakuja kufaa, na ukataji mwembamba katika hali hiyo ni kukisia swali la kesho na kulipa gharama ya kukisia leo.

Gharama hiyo inahesabika. Madondoo 10 yanaweza kuunganishwa mawili mawili kwa njia 45. Madondoo 100 kwa njia 4,950. Bila shaka si kila jozi inahitaji kiungo, lakini kila unapokata dondoo moja likawa manne, umejiongezea kazi ya kuamua ni vipi vinabaki na uhusiano na vipi haviuhitaji, na kazi hiyo haifanywi na programu. Nimeona kumbukumbu za watu makini ambao nusu ya jioni yao inaishia katika kuunganisha upya vile walivyovikata mchana. Wanaita hiyo kazi ya kufikiri. Sehemu yake ni kufikiri kweli, na sehemu kubwa ni kushona nguo iliyochanwa bila sababu.

Walio upande wa pili, wale wa marundo, wasifurahi mapema. Mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Dodoma anayehifadhi muhadhara wote wa saa mbili chini ya jina la somo na tarehe, au mtumishi anayerudi kutoka warshani na kurasa 12 zenye kichwa "Warsha ya Maji", hajatunza wazo lolote, ametunza tukio. Siku atakapotaka kujua ni kwa sababu gani visima fulani vinatoa maji ya chumvi, hatakumbuka kwamba jibu lilitolewa na mchangiaji wa tatu baada ya chakula cha mchana, katika warsha iliyokuwa ya jambo jingine kabisa. Taarifa rasmi za Bunge zina sura hiyo kwa lazima, kwa kuwa kazi yake ni kuweka rekodi ya kikao kama kilivyokwenda. Mtu binafsi hana lazima hiyo. Hata hivyo Bunge lina funzo moja dogo kwa anayetaka kukata: mbunge huuliza swali la msingi, hujibiwa na waziri, kisha husimama tena kuuliza maswali mawili ya nyongeza. Maswali ya nyongeza yakinyofolewa peke yake mara nyingi hayaeleweki, kwa sababu yamejengwa juu ya jibu la swali la msingi. Swali la msingi, jibu na nyongeza zake ni kitu kimoja. Swali linalofuata katika orodha, la mbunge mwingine kuhusu barabara nyingine, ni kitu kingine, na hapo ndipo kisu kinapopita bila kumuumiza mtu.

Kanuni ninayoweza kuitetea, basi, ni hii: kata pale mambo mawili yanapokaa pamoja kwa sababu tu yalisemwa siku moja au na mtu mmoja, na usikate pale moja linapolishikilia jingine. Kipimo rahisi ni kujaribu kulibishia dondoo. Kama mtu asiyeliamini angeuliza "kwa nini?" au "wapi?" au "lini?", na jibu halimo ndani ya dondoo wala halielekezwi humo kwa namna ya wazi, basi limekatwa mapema mno. Kama, kwa upande mwingine, mtu anaweza kukubali nusu ya dondoo na kukataa nusu nyingine bila kujipinga, basi hayo yalikuwa madondoo mawili tangu mwanzo. Kwa kipimo hiki dondoo la Kongwa kuhusu udongo, mvua na karanga lina aya mbili na halikatiki. Na dondoo la mistari miwili linalosema kwamba mpango ulikuwa wa haraka na kwamba mkoa una msimu mmoja wa mvua linakatika mara moja.

Kuhusu wakati wa kukata, nina msimamo ambao najua baadhi ya wasomaji wataupinga: kukata kufanyike wakati wa kutumia, kusifanyike wakati wa kuandika. Anayeandika hajui bado dondoo litaitwa kwa kazi ngapi. Anayetumia anajua, kwa kuwa kazi iko mezani. Turudi Kongwa. Katika miaka ya 1960, baada ya mradi wa karanga kuachwa, eneo hilo lilipokea kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwamo wa ANC, FRELIMO na SWAPO. Anayeandika historia ya ukombozi atataka kujua mradi uliacha nini nyuma yake, kama majengo, barabara na ardhi iliyosafishwa, na hatakuwa na haja yoyote ya kujua karanga huzaaje. Siku hiyo, kile kipande cha dondoo kinachohusu mabaki ya mradi kimepata mteja wa pili, na ni haki kikatwe, kipewe kichwa chake, na kiachiwe alama inayorudi kwenye dondoo la mama. Mkato umekuja na sababu yake. Angekata miaka mitano kabla, huenda angekata mahali pengine kabisa, kwa mfano kwa kutenga matrekta ya Kongwa na matrekta ya Nachingwea, kituo kingine cha mradi huohuo, mgawanyo ambao hakuna swali lake lililowahi kuuhitaji.

Wapo watakaosema kwamba mjadala wote umepitwa na wakati, kwa kuwa simu inaweza kutafuta neno lolote ndani ya rundo lolote. Utafutaji unasaidia, na anayeandika Kiswahili anafaa kujua namna ya kuutumia: ukiandika "nyesha" utapata "ilinyesha" na "imenyesha" lakini utaikosa "hainyeshi", kwa hiyo tafuta "nyesh". Lakini kinachopatikana kwa njia hiyo ni mahali neno lilipoandikwa. Sababu iliyoachwa nje siku ya kuandika haimo popote, na hakuna herufi za kuitafutia. Utafutaji umepunguza ubaya wa rundo, kwa kuwa ndani ya rundo sababu ingalipo hata kama imefichika. Ubaya wa kipande kilichokatwa vibaya haukupungua hata kidogo.

Kwa aliyekwisha kukata maelfu ya vipande, sioni busara ya kukaa chini kuviunganisha vyote upya, kwani vingi havitaguswa tena na jasho hilo litakuwa la bure. Afadhali kila kipande kisubiri kuitwa. Kinapoitwa kwa kazi fulani, kibishiwe kwanza kama nilivyoeleza, na kama kimepungukiwa, mwenye nacho arudi kwenye chanzo alichokiandika pembeni, asome tena ukurasa husika, na aandike upya dondoo zima likiwa na sababu na sharti lake, kisha kile kipande cha zamani akitoe. Visivyo na chanzo vitakuwapo, tena vingi kuliko inavyotarajiwa. Hivyo viwekewe alama kwamba ni madai yasiyothibitishwa na vitengwe kando, na sentensi yoyote iliyojengwa juu yake katika andiko linaloendelea ifutwe mpaka ushahidi wake upatikane mahali pengine.